Kuimarisha Nguzo za Zege kwa Kitambaa cha Nyuzi na Polima

Zege huhimili mgandamizo vizuri, lakini ikivutwa hupasuka mapema. Uwezo wake wa kuhimili mvutano ni takriban sehemu moja ya kumi tu ya ule wa mgandamizo. Mada hii yote imesimama hapo.

Nguzo ikielemewa kutoka juu hufupika kidogo na kutanuka ubavuni, na kutanuka huko ndiko kunakoivuta zege hadi ipasuke. Kazi ya kuzuia mtanuko hufanywa na ringi zinazozunguka nondo za wima. Tetemeko la Kobe, Japani, la tarehe 17 Januari 1995, liliilaza ubavu barabara ya juu kwa urefu wa mita 600 hivi. Nguzo zake zilikuwa na ringi chache mno. Baadaye nguzo nyingi nchini humo zilivikwa magamba ya chuma, nyingine kitambaa cha nyuzi za kaboni.

Uso wa nguzo husafishwa, nyufa hujazwa, na kona kali huviringwa zisikate nyuzi. Kisha hupakwa gundi ya epoksi, ambayo ndiyo polima, na kitambaa huzungushwa.

Hapa wengi hupoteza alama kwa kuandika kwamba kitambaa "hubeba mzigo wa nguzo". Sivyo. Nyuzi zimelala mlalo, hivyo hubeba mvutano wa kuzunguka tu. Fikiria mchanga: ukiukalia husambaa, lakini ndani ya gunia lililoshonwa hukubeba.

Mfano: Nguzo ya duara ina kipenyo D = 400 mm. Nyuzi zina unene t = 1 mm na mkazo f = 1000 N/mm². Tafuta kanieneo inayoibana zege.

p = 2tf/D = (2 × 1 × 1000)/400 = 5 N/mm²

Kipenyo kikiwa mara mbili, p hubaki nusu. Nguzo nene huhitaji matabaka zaidi.

Zingatia: epoksi nyingi za kazi hii hulainika kabla ya joto kufika 100 °C, kwa hiyo moto ni adui. Nondo zilizokwisha kula kutu nazo hutengenezwa kwanza. Kuzifunika ni kuficha ugonjwa.

Swali: Nguzo mbili zina eneo sawa la mkato, moja duara, nyingine mraba. Ipi itanufaika zaidi na kitambaa? Eleza. (Alama 4)
Dokezo: chunguza katikati ya pande za mraba, si kona zake.