Kuhara na Maumivu ya Tumbo: Chanzo na Matibabu

Kuhara ni kupata choo cha majimaji mara 3 au zaidi kwa siku. Mtoto mchanga anayenyonya hupata choo laini mara nyingi bila kuugua. Kwake dalili ni choo kubadilika ghafla na kuwa maji kuliko kawaida yake. Tumbo husokota kwa sababu utumbo hujikaza kusukuma kilichomo, na mara nyingi mgonjwa hupata nafuu kidogo akishakwenda haja.

Kwa watoto wadogo, chanzo kikubwa cha kuhara kukali ni virusi vya rota. Chanjo yake ya matone ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2013 na Kenya mwaka 2014. Bakteria huingia kwa maji yasiyo salama, mikono isiyonawiwa na kiporo kisichopashwa moto sawasawa. Waliokula chungu kimoja wakianza kutapika na kuhara ndani ya saa chache, chakula hicho ndicho cha kushukiwa. Choo chenye damu, pamoja na homa na kujikamua, mara nyingi hutokana na bakteria wa shigela. Amiba nao huweza kuleta damu. Kipindupindu huleta choo cheupe mfano wa maji ya kuoshea mchele, tena mara nyingi bila maumivu. Hapo ndipo familia nyingi hukosea: kwa kuwa tumbo haliumi, husubiri, ilhali mgonjwa anaweza kufa ndani ya saa chache.

Kinachoua zaidi ni kupungukiwa maji na chumvi. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kurudisha kilichopotea, wala si kuzuia choo. Pakiti ya ORS, yaani dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini, huchanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, kwa kawaida lita 1. Maji yakipunguzwa, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Mchanganyiko uliopitisha saa 24 humwagwa. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupewa mililita 50 hadi 100 kila anapohara. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Mtu mzima hunywa kadiri awezavyo. Mgonjwa akitapika, husubiriwa dakika 10, kisha hupewa tena kijiko kimoja kimoja.

Pakiti ikikosekana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, hukorogwa katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Sukari haiwekwi kwa ajili ya ladha: ndiyo inayosaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji hufuata.

Mtoto huongezewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6. Kunyonya na kula huendelea. Antibiotiki hazitibu virusi, na dawa za kufunga choo hazifai kwa watoto.

Mgonjwa hupelekwa kituo cha afya mara moja akiwa na damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyodidimia, mkojo haba, kutapika kila anachokunywa au kulegea kupita kiasi. Maumivu yanayozidi upande wa kulia chini ya kitovu huweza kuwa ya kidole tumbo, hata kama mgonjwa anahara. Kipindupindu kikishukiwa, ORS huendelea kunywewa njiani.