SOMO LA USHIRIKA: MSANII NAYE NI MZALISHAJI

Madhumuni ya somo hili ni kueleza maana ya sanaa za ufundi, na kuonyesha kwa maisha ya mchoraji mmoja kwamba msanii ni mzalishaji mali kama mkulima, mwenye shida zile zile za gharama, soko na bei.

Maana ya sanaa za ufundi

Sanaa za ufundi ni kazi za mikono zinazokusudiwa kutazamwa, kama vile uchoraji, uchongaji, ufinyanzi na ususi wa mapambo. Seremala hutengeneza kiti ili mtu akikalie. Picha haikaliwi wala hailimi. Thamani yake imo katika namna mchoraji alivyouona ulimwengu, na jinsi alivyouonyesha hata mwenzake akauona vile vile.

Kwa sababu hiyo picha haipimwi kama mazao. Pamba huwekwa mizanini, na kahawa hupangwa kwa madaraja; lakini picha mbili zilizotumia ubao na rangi ya kiasi kimoja zaweza kuwa na bei mbalimbali kabisa. Hapo ndipo msanii aliye peke yake hupunjwa. Mnunuzi mjanja humlipa bei ya ubao na rangi, na sanaa yenyewe akaichukua bure.

Maisha ya Edward Saidi Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, katika familia ya wakulima. Hakusomea uchoraji katika chuo chochote. Kama vijana wengi wa kusini wakati ule, alikwenda Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kisha akahamia Dar es Salaam, alikofanya kazi za nyumbani na vibarua vinginevyo.

Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Badala ya turubai alitumia hadibodi, yaani ule ubao mwembamba wa kuwekea dari, akaukata vipande vya mraba vya kiasi cha sentimita 60 kila upande. Rangi yake ilikuwa ile ya kung'aa inayopakwa baiskeli. Kwanza alipaka ubao wote rangi moja. Kisha akachora mnyama au ndege mkubwa katikati. Mwishowe akatia madoa na mistari. Picha hizo ziliuzwa karibu na maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali palipopitwa na wageni wengi.

Kazi ilipopata wanunuzi, Tingatinga hakuificha. Aliwafundisha jamaa zake na vijana wengine, miongoni mwao Abdallah Ajaba, Adeusi Mandu, January Linda, Kasper Tedo na Simon Mpata. Lakini mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafariki. Kazi yake ya uchoraji ilikuwa imedumu miaka 4 tu hivi.

Yaliyofuata baada ya kifo chake

Wanafunzi waliachiwa mtindo na jina, lakini hawakuachiwa chama. Jina lilipovuma, yeyote mwenye brashi aliweza kuchora picha za namna ile, na mnunuzi hakujua kazi ipi ni ya nani. Picha za marehemu mwenyewe zimekuja kuuzwa katika minada ya ng'ambo kwa bei kubwa mno, naye hakuwapo kupata sehemu yake. Wachoraji waliobaki walishirikiana kwanza kama kikundi, na mwaka 1990 chama chao cha ushirika kikaandikishwa rasmi.

Mafunzo kwa vyama

Kwanza, ni lazima kuhesabu gharama. Tuseme mchoraji ameuza picha kwa shilingi 60,000. Ubao na rangi vimemgharimu shilingi 18,000, naye ameifanya kazi siku 3. Amebakiwa na shilingi 42,000, yaani shilingi 14,000 kwa siku, kabla ya kutoa mchango wa chama. Asiyeandika hesabu hii hawezi kujua kama anapata faida au anakula mtaji.

Pili, kila kazi iwe na sahihi ya aliyeichora, na katibu aiandike katika daftari pamoja na tarehe na bei. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ya Tanzania Bara humlinda mwenye kazi, na haki hiyo hurithiwa. Lakini sheria hulinda picha yenyewe, hailindi mtindo. Heshima ya mtindo italindwa na wanachama wenyewe kwa kukataa kazi mbovu.

Tatu, chama kijue mpaka wake. Chama chaweza kununua rangi kwa jumla, kutafuta soko na kupanga bei ya chini isiyovukwa. Hakiwezi kuchora kwa niaba ya mwanachama. Kikiwaamuru wote warudie picha moja kwa kuwa ndiyo inayouzika, kitapata fedha za msimu mmoja, na baadaye wanunuzi watachoka.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Ni wanachama gani katika chama chenu wafanyao kazi za sanaa, nao huuza wapi?
2. Je, bei zao hupangwa na nani, na kwa hesabu gani?
3. Mwanachama msanii akifariki leo, warithi wake watajuaje kazi zake na haki zake?