Shefu wa Kartie na DGM: Karatasi Mbili za Mgeni Butembo na Beni

Mgeni anayehamia Butembo au Beni, awe mfanyabiashara Mganda au mmisionari Mwingereza, ana ofisi mbili za kuzijua. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, huandika unakolala. DGM, idara ya uhamiaji, ndiyo inayokuruhusu kukaa Kongo. Wengi hupata karatasi ya shefu wakadhani wamemaliza. 

Hatua ya 1. Ukiingilia mpaka wa Kasindi, hakikisha DGM imepiga kashe kwenye pasipoti, kisha soma aina ya viza yako. Viza ya safari haigeuki yenyewe kuwa ya makao, hata ukilipa kodi ya nyumba ya mwaka mzima.

Hatua ya 2. Jitambulishe kwa mkuu wa nyumba kumi, halafu kwa shefu, ukiwa na pasipoti, kopi yake na mkataba wa nyumba. Omba *attestation de résidence*, hati ya makazi. Usiidharau: jimbo la Kivu Kaskazini liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na mgeni asiyejulikana kwenye avenyu yake hushukiwa upesi.

Hatua ya 3. Kabla viza ya kwanza haijaisha, omba *visa d'établissement*, yaani viza ya makao, DGM. Ukiwa umeajiriwa, kadi ya kazi ya wageni hutangulia, na mwajiri ndiye wa kuiomba. Goma, makao makuu ya jimbo, iko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari 2025, na serikali ya jimbo imehamia Beni. Basi faili lako lisielekezwe Goma kwa mazoea. Dai risiti kila unapolipa.

Hatua ya 4. Hii ni ya kukataa. Atatokea mtu wa kukushauri uchukue kadi ya mpiga kura, kwa kuwa Wakongo wengi huitumia kama kitambulisho. Kadi hiyo hutolewa na CENI, tume ya uchaguzi, kwa raia tu. Ukiichukua umejitangaza Mkongo, na Katiba ya 2006 inasema uraia wa Kongo hauchanganywi na mwingine. Hapo umetoka kwenye kasoro ya viza na kuingia kwenye udanganyifu, hata kama shefu mwenyewe alikuandikia barua kwa nia njema.

Ukisimamishwa njiani kati ya Butembo na Beni, toa kwanza pasipoti yenye viza. Karatasi ya shefu itoe ukiulizwa unakaa wapi.