Kuko ngano mu unga huu?

Ndugu wakulima, koperative zetu nyingi zinauza unga wa uji, ule wa soya, mutama na mahindi wenye tunaita sosoma. Siku moja mama mununuzi anaweza kuuliza: "Mu unga huu kuko ngano?" Musimucheke. Kuko watu ambao ngano kidogo tu inawaletea ugonjwa.

Ngano iko na protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inafanya mukate uvutike na kuvimba. Shayiri iko nayo pia. Mutu mwenye ugonjwa wa seliaki akikula gluteni, mwili wake unapigana nayo, na utumbo mudogo unaharibika. Chakula kinapita bure. Mutoto anaharisha kila mara, tumbo linavimba, hakomai. Mutu muzima anapungukiwa damu na kuchoka. Duniani, karibu mutu 1 kati ya 100 iko na ugonjwa huu. Dawa ni moja: kuacha gluteni maisha yote.

Njaa ilisaidia kuonyesha jambo hili. Kule Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 na 1945, vita ilikata chakula na mukate ukakosa. Muganga wa watoto Willem Dicke aliona wagonjwa wake wa tumbo wanapata nafuu, wakati wengine wote wanalia njaa. Mukate uliporudi, ugonjwa ukarudi.

Lakini tumbo kubwa la mutoto, hapa kwetu, mara nyingi ni minyoo ao utapiamlo. Mumupeleke kwa muganga kwanza. Tena musikatishe ngano mbele ya kupimwa damu, maana mutu akiiacha siku nyingi, kipimo kinaweza kusema hana ugonjwa na kumbe anao. Mwenye hana ugonjwa aendelee na mandazi yake.

Mwenye anao, shamba letu linamulisha vizuri: mihogo, mahindi, muchele, mutama, ulezi, viazi, ndizi, maharagi, soya, karanga. Bugali ya muhogo na sombe, hakuna shida. Mutama watu wanauogopa sababu unafanana na nafaka zingine, lakini hauna gluteni. Kwa hiyo kasiksi ya ndizi na mutama inafaa. Bia ya chupa ya shayiri ndiyo ya kuacha (wazee, samahani).

Hatari kubwa iko ku mashine ya kusaga. Mashine ikisaga ngano, unga unabakia mu mawe na mu bomba, halafu sosoma yetu inaupokea. Kufagia juu juu hakutoshi. Koperative yenye iko na mashine mbili, moja isiguse ngano hata siku moja. Yenye iko na moja, isafishe yote, isage mahindi kidogo ya kutoa mabaki, na unga ule wa kwanza wapewe kuku. Ungo uwe wa pekee. Magunia yaliyobeba unga wa ngano yasitumiwe, hata yakifuliwa. Mutama ukianikwa, usianikwe ku hema moja na ngano.

Na kama mashine ni ya watu wote wa kijiji, mumuambie yule mama ukweli: mu unga hatukutia ngano, lakini mashine inasaga ngano pia. Mugonjwa anunue nafaka nzima, aichague, aitwange ku kinu cha nyumbani kwake.