Yai na Kaburi

Wako Wakristo wanaofadhaika wakisikia ya kwamba yai lilikuwa alama ya uhai kabla ya Pasaka yetu. Sisi hatuoni sababu ya kufadhaika.

Wamisri wa kale walisimulia ya kuwa jua lilitoka katika yai. Waajemi, katika sikukuu yao ya mwaka mpya mwezi wa Machi, huweka mezani mayai yaliyotiwa rangi. Kwa nini yai? Kwa kuwa kwa nje lafanana na jiwe, lakini ndani yake uhai wajongea, na kifaranga hulivunja ganda mwenyewe.

Wakristo walipolitazama wakaona kaburi. Wale wa Mashariki hulipaka rangi nyekundu, kukumbuka Damu ya Bwana. Zamani mayai yalikatazwa wakati wa Kwaresima, hata yakawa furaha ya Pasaka. Na Kitabu cha Ibada cha Roma, kilichotolewa na Papa Paulo V mwaka 1614, kina sala ya kuyabariki.

Lakini tupambanue. Kifaranga hutoka ganini, na siku moja hufa. Kristo amefufuka wala hafi tena. Alama ni ya mataifa mengi. Imani yetu yasimama juu ya ushuhuda wa wale waliomwona yu hai.

Basi, enyi wazazi, mkimpa mtoto yai siku ya Pasaka, mwelezeni maana yake. Asipoelezwa, atakuwa amekula yai tu.