Mzazi Anajua Nini Kuhusu Meno ya Mtoto Wake?

Mtoto mchanga huonekana hana meno, lakini kwa hakika meno yote 20 ya utoto huanza kujengeka ndani ya mataya yake tangu angali tumboni mwa mamaye. Jino la kwanza hutokeza kwa kawaida mtoto afikapo umri wa miezi 6 hivi. Chonge huchelewa sana, nazo huota baina ya miezi 16 na 23. Afikapo miaka miwili na nusu au mitatu, meno yote ya utoto huwa yametimia. Mambo haya mwalimu wa Baiolojia huyafundisha kwa mchoro mmoja tu ubaoni, lakini mzazi asiyeyajua aweza kumtia mwanawe katika hatari kubwa. Kwa sababu hiyo kupima yale wayajuayo wazazi ni kazi kamili ya sayansi, nayo ni ngumu kuliko idhaniwavyo.

Chombo kitumikacho mara nyingi ni hojaji. Wazazi hukutwa katika kliniki ya mama na mtoto, huulizwa maswali kama vile "Je, sukari huozesha meno?", kisha majibu sahihi hujumlishwa na mzazi akapewa alama kama mtahiniwa. Utaratibu huu ni mwepesi, na hapo ndipo penye kasoro yake. Swali la "ndiyo" au "hapana" hubeba jibu lake mgongoni. Mzazi aliyeketi mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe hutambua upesi jibu litakiwalo, na adabu humtuma alitoe. Zaidi ya hayo, asiyejua lolote akibahatisha tu, hutarajiwa kupata nusu ya alama zote.

Udhaifu huo huonekana wazi katika suala la yale yaitwayo "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, pamoja na Ethiopia na Sudani, wapo watu wanaosadiki kwamba homa na kuharisha kwa mtoto mchanga husababishwa na meno mabaya yaliyojificha ndani ya ufizi. Mtoto hupelekwa kwa mtu afanyaye kazi hiyo, naye hukata ufizi na kuyachokoa kwa kisu, msumari au njiti ya baiskeli iliyonolewa.

Ingekuwa kosa kusema kwamba wazazi hawa hawatazami mambo kwa makini. Katika umri wa miezi 4 hadi 8 hivi, ufizi mahali pa chonge huweza kuvimba na kuwa na weupe, kwa sababu jino linajengeka chini yake. Katika umri huohuo mtoto huanza kupewa chakula kingine zaidi ya maziwa ya mama. Hutambaa na kutia kila kitu kinywani. Na ile kinga aliyoipata kwa mamaye hupungua. Kwa hiyo huharisha. Kitu kinachotolewa ufizini huwa kweli ni cheupe na laini mithili ya plastiki, kwani ni chipukizi la jino la kawaida ambalo halijakomaa. Tena baadhi ya watoto hupona baada ya kufanyiwa hivyo, maana kuharisha kwingi hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Kila walichokiona wazazi ni kweli. Kilichokosewa ni kiungo baina ya mambo hayo. Mwalimu anayetafuta mfano wa tofauti kati ya mambo kutukia pamoja na jambo moja kusababisha jingine hana haja ya kwenda mbali.

Madhara yake ni makubwa. Mtoto aweza kutokwa damu nyingi, kupata pepopunda, vijidudu kuingia katika damu, au kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa chombo kilichotumika kwa wengi. Chipukizi la chonge ya ukubwani liko karibu sana na lile la utoto, nalo huweza kuharibiwa pia. Hatari iliyo kubwa pengine ni ya kupoteza wakati: mtoto anayeharisha huhitaji maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo maalumu, si kisu.

Sasa mama aliyejibu vema kuhusu sukari na mswaki hupata alama zote, na hakuna aliyemwuliza habari ya ufizi. Hata akiulizwa, "Je, unaamini kuna meno ya plastiki?", yaelekea atakana, kwani anajua wauguzi hawapendi habari hizo. Afadhali aelezwe kisa: mtoto wa jirani ana miezi 6, anaharisha, ana homa, na ufizi wake umevimba. Je, watu wa mtaani wangesema ana nini? Wangempeleka wapi kwanza, na nani angeamua? Mama hueleza kwa uhuru mambo ya jirani, na humo hujieleza mwenyewe. Mara nyingi hugundulika kwamba mwamuzi ni bibi wa mtoto, ambaye hakufika kliniki wala hakuhojiwa.

Kuna pia tofauti kati ya kujua na kutenda. Bakteria wa kinywani hugeuza sukari kuwa asidi, na kipimo cha pH kinaposhuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza madini yake. Mate husaidia kuirudishia, lakini usingizini mate hupungua. Wazazi wengi hujua kwamba pipi huozesha meno; chai ya sukari ndani ya chupa alalayo nayo mtoto hawaihesabu. Basi badala ya kuuliza kama mtoto hupewa vitu vitamu, aulizwe mzazi alichokula na kunywa mtoto tangu jana asubuhi, na alikuwa na nini kinywani alipopitiwa na usingizi.

Hata jibu "sahihi" hutegemea mahali. Floridi huimarisha meno, na dawa ya meno yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele, humfaa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Lakini katika sehemu kadhaa za Arusha na Kilimanjaro maji yana floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichoelekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno hupata madoa ya kahawia yangali yanajengeka. Huko mzazi aulizwe kwanza anadhani madoa hayo yametoka wapi. Akijibu kwamba ni uchafu, yamkini humsugua mtoto kwa nguvu bila faida.

Mafundisho huja baada ya maswali, si kabla, la sivyo mhojaji atapima maneno yake mwenyewe. Kanuni hiyo ina mpaka. Mama akisema kwamba mwanawe anaharisha na kesho atapelekwa kuchokolewa ufizi, hojaji husimama hapo hapo. Mtoto hupewa maji ya chumvi na sukari, na mama huelekezwa, pamoja na huyo bibi ikiwezekana, kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo.