Dua Haipotei: Funzo la Taif

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Katika darsa yetu ndugu mmoja aliuliza swali ambalo wengi wanalo moyoni na huona haya kulitoa. Alisema: "Maalim, mke wangu ni mgonjwa, mwaka wa pili sasa. Nimeomba usiku na mchana, wala sioni jawabu. Je, Mungu ananisikia?" Swali hili halifai kukaripiwa. Linataka kujibiwa.

Natutazame kwanza yaliyompata mbora wa viumbe. Katika mwaka wa 619 hivi, Mtume (S.A.W.) alifiwa na mkewe, Bibi Khadija, na ami yake, Abu Talib, aliyekuwa ngao yake. Maudhi ya Makka yalipozidi, alikwenda Taif, akitaraji kwamba kabila la Thaqif litamsikiliza. Walimkataa, wakamfanyia stihizai, wakawachochea wapumbavu wao wamtupie mawe hata miguu yake ikatoka damu. Je, Mola wake alikuwa amemtupa? Hasha! Basi na ajue kila mtu kwamba dhiki si alama ya kuchukiwa na Mungu, wala raha si alama ya kupendwa.

Bibi Aisha amepokea kwamba baada ya kukataliwa huko, Jibrili alimjia Mtume pamoja na malaika wa milima, aliyekuwa tayari kuwaangushia maadui milima miwili. Mtume hakukubali. Alitaraji kwamba Mungu atatoa katika vizazi vyao watu watakaomwabudu Yeye peke yake.

Taraja hiyo ilitimia lini? Katika mwaka wa 8 wa Hijra (630) Waislamu waliizingira Taif, wasiiteke. Mtume alipotakwa awaapize Thaqif, aliwaombea uongofu. Mwaka wa 9 wajumbe wa Thaqif walikuja Madina kwa miguu yao, wakasilimu. Tangu mawe yale hata siku hiyo ilipita zaidi ya miaka kumi!

Mtume ametufundisha kwamba Mwislamu aombapo jambo lisilo na dhambi wala kukata udugu, hupewa moja katika matatu: ataletewa alitakalo, au atawekewa akiba Akhera, au ataepushwa na shari mfano wake. Tena ametuonya tusifanye haraka, mtu akasema, "Nimeomba sikujibiwa," kisha akaacha kuomba. Aliyeweka amana kwa mwaminifu hasemi imepotea kwa sababu tu haijarudi mkononi mwake.

Hapa ndipo wengi wetu wanapoteleza. Dua ikikawia, mtu huchukua fedha za dawa akampa mganga, akavaa hirizi, au akaenda kaburini kumtaka maiti haja yake. Ajabu gani hii! Amemwacha Mkarimu Aliye Hai, akamwendea asiyeweza hata kujifukuzia nzi. Umasikini wake umezidi, na ugonjwa uko pale pale.

Basi tulimjibu ndugu yetu hivi: Mpeleke mkeo kwa tabibu, kwani Mtume ametuamrisha kujitibu. Tazama chumo lako lisiwe la haramu, kwani haramu huizuia dua. Kisha endelea kuomba. Hatukukuahidi kwamba atapona. Ahadi hiyo si yetu kuitoa. Mtume mwenyewe alifiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, akalia machozi, wala hakusema ila linalomridhisha Mola wake. Kulia si kukosa imani. Kukosa imani ni kumdhania Mungu ubakhili.

Ndugu yule alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nitarudi mlangoni." Na sisi sote tufanye vivyo hivyo, kwani mlango huo haufungwi.

Wabillahi tawfiq.